Kuunga batani na taa kwenye kabati la gemu: bodi ya USB, Pico, au pini za Raspberry Pi?

Kulijenga kabati lenyewe huku kwetu Mtwara si tatizo. Mpe seremala wa Chikongola vipimo na plaiwudi, baada ya siku chache utalikuta limesimama, limepigwa msasa, na matundu ya batani yametobolewa. Watu wanakwama baada ya hapo. Batani zimekaa, skrini inawaka, rundo la nyaya liko mezani, na maswali ni mawili: batani hizi zinaungwa kwenye nini, na taa zipate umeme wapi?

Nimeunga makabati ya gemu Mtwara mjini na Mikindani, na moja la Lindi mjini ambalo niliunga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilichagua vibaya. Njia kuu za batani ni tatu, za taa nazo ni tatu, na kila moja ina mtu wake.

Tupime kwa vigezo gani

Cha kwanza ni upatikanaji. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 za barabara, na vitu vidogo vya elektroniki vingi tunatumiwa kwa basi kutoka Kariakoo. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu pale Somanga, aliyekuwa anangoja kifurushi alingoja. Kwa hiyo uliza kila mara: kikifa leo, naweza kupata kingine hapa hapa?

Cha pili ni ugumu wa kuunga. Unahitaji risasi na pasi ya kuchomea, au unachomeka tu?

Cha tatu ni wepesi wa kuitikia. Skrini ya kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha hukaa takriban milisekunde 16.7. Njia inayochelewesha kidole kwa zaidi ya hapo mchezaji mzoefu ataihisi.

Cha nne ni ustahimilivu: hewa ya chumvi, joto, na umeme kukatika bila kuaga.

Cha tano, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote, ni matengenezo. Nani atalifungua kabati siku batani ikigoma na wewe uko Masasi? Kama ni kijana wa dukani mwenye bisibisi na tochi ya simu, nyaya zako lazima ziwe zinasomeka kwa macho yake, siyo kwa macho yako.

Kinachofanana kwa njia zote

Batani ya gemu ni swichi tu. Chini yake kuna swichi ndogo yenye miguu miwili au mitatu. Ikiwa mitatu, imeandikwa COM, NO na NC. Unga COM na NO. NC iache wazi, maana ukiitumia hiyo, bodi itaona batani imebonyezwa muda wote, na itaona imeachiwa pale utakapoibonyeza. Mguu mmoja unakwenda kwenye hasi, mwingine kwenye pini yake ya bodi. Ukibonyeza, pini inagusana na hasi, na bodi inajua. Chanya haipiti kwenye swichi hata kidogo.

Jostiki nayo ni swichi nne, ila ina mtego mmoja: ukisukuma fimbo juu, swichi inayobanwa ni ya chini, kwa sababu fimbo inabembea katikati. Wengi huunga kwa kuangalia mahali swichi ilipo, halafu wakashangaa mpiganaji anachuchumaa badala ya kuruka.

Hasi nayo ina namna yake. Mafundi wengi huchukua waya mmoja wa hasi na kuurusha batani kwa batani mpaka ya mwisho. Unaokoa nyaya, lakini ukikatika katikati, batani zote zilizo mbele ya mkato zinakufa pamoja. Dawa ni rahisi: ncha ya mwisho irudishe kwenye bodi, iwe duara. Ukikatika mahali pamoja, hasi bado inafika kutoka upande wa pili.

Njia ya kwanza: bodi ya USB ya kuchomeka

Hii ni ile bodi ndogo inayouzwa sana kwa jina la Zero Delay, yenye mistari ya soketi nyeupe na nyaya zake. Kila mchezaji anahitaji ya kwake.

Kwa upatikanaji inaongoza. Huuzwa ikiwa imefungashwa pamoja na nyaya, mara nyingi na batani na jostiki humo humo, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba unaweza kununua ya akiba ukaigundisha kwa tepu ndani ya mlango wa kabati. Mimi hufanya hivyo kila mara.

Kuunga ni kuchomeka. Upande mmoja wa waya unaingia kwenye soketi, upande wa pili una vibano viwili vya kusukumiza kwenye miguu ya swichi. Kabla ya kununua pima upana wa mguu: kuna batani za mguu wa milimita 2.8 na za 4.8, na kibano cha moja hakishiki kwenye nyingine. Kila batani inakuja na hasi yake, kwa hiyo lile suala la duara halipo kabisa.

Jina lake linasema haicheleweshi. Inachelewesha, milisekunde chache. Mtoto anayekimbiza magari hatajua. Aliyezoea gemu za kupigana, anayehesabu muda wa kukinga ngumi, anaweza kujua.

Udhaifu wake unaoudhi unatokea ukiwa na bodi mbili za aina moja. Kompyuta inaziona kwa jina lile lile, na ukiwasha upya, mchezaji wa kwanza anaweza kugeuka wa pili. Ziandike 1 na 2 kwa kalamu ya wino mzito, na kila moja irudi kwenye tundu lake lile lile la USB siku zote.

Kwa matengenezo sijaona inayoishinda. Kabati la Mikindani liko kibarazani, hatua chache kutoka majini. Lilikuwa limefanya kazi miezi minane pale mtoto wa mwenyewe aliponipigia: "Mjomba, ngumi imekufa." Nilifungua mlango wa nyuma, nikamulika. Kibano cha batani ya ngumi kilikuwa kimeota unga wa kijani, kama sarafu ya zamani iliyofukiwa. Nikakivuta kwa koleo ya mdomo mwembamba, nikaukwangua mguu wa swichi kwa msasa laini, nikafuta kwa spiriti, nikakiminya kibano kidogo ili kishike zaidi, nikakirudisha na kupaka vaselini juu yake. Nikabonyeza: swichi ikalia tik, na kwenye skrini mkono ukanyooka. Yule mtoto aliangalia kila hatua, na tatizo kama hilo liliporudi kwenye batani nyingine alilimaliza mwenyewe. Ana miaka kumi na mitatu, na hakuhitaji pasi ya kuchomea.

Njia ya pili: Raspberry Pi Pico

Pico ni kibao kidogo cha saketi chenye chipu ya RP2040, kilichotoka Januari 2021 kwa dola 4. Chenyewe hakijui lolote kuhusu gemu mpaka ukiwekee programu. Iliyoenea ni GP2040-CE, ya bure. Unashikilia batani ya BOOTSEL huku ukichomeka USB, Pico inajitokeza kwenye kompyuta kama fleshi, unaburuta faili moja ndani, basi. Mipangilio mingine inafanyika kwenye kivinjari.

Upatikanaji wake ni wa kuagiza. Ukikitaka Mtwara leo leo unaweza usikipate, kwa hiyo agiza viwili.

Kuunga kunahitaji mkono. Kina pini 26 za kutumia na nane za hasi, zinatosha kabisa kwa mchezaji mmoja, lakini huchomeki kibano humo. Unachoma risasi, au unanunua ubao wa skrubu wa kukikalisha juu yake. Nunua huo ubao. Tumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa kebo ya mtandao wenye uzi mmoja mgumu unavutia kwa sababu uko kila mahali, lakini ukikunjwa na kukunjuliwa mlango unapofunguliwa, unakatika ndani ya plastiki na huuoni ulipokatikia.

Kwa kuitikia, hapa ndipo penye raha. Kinatuma taarifa mara 1,000 kwa sekunde, na kuchelewa kwake ni chini ya milisekunde moja. Nimeona vijana wawili waliohama kutoka kwenye bodi ya kwanza kuja hapa. Hawakujua nimebadilisha nini, ila mmoja aliniuliza kama nimenunua jostiki mpya.

Ustahimilivu ni mzuri ukikifungia kwenye kiboksi cha plastiki. Sehemu dhaifu ni tundu lake dogo la USB. Ukivuta waya kwa nguvu linang'oka. Funga waya kwenye ubao kwa kamba ya plastiki, sentimita tano kutoka kwenye tundu, ili mvuto uishie hapo.

Matengenezo ni ya mtu anayejua. Waya ukichomoka kwenye skrubu, anayeurudisha lazima ajue ni pini namba ngapi. Nilianza kuchora ramani ya pini kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango kwa tepu pana ya uwazi, ikawa inasaidia. Kikifa chenyewe, kinahitaji kingine na kompyuta ya kukiwekea programu. Dukani penye simu tu, bila kompyuta, hapo umekwama.

Njia ya tatu: moja kwa moja kwenye pini za Raspberry Pi

Kama kabati lako linaendeshwa na Raspberry Pi, ile kompyuta nzima iliyo kwenye bodi moja ndogo, tayari una pini 40 ubavuni mwake, nane kati yake zikiwa hasi. Hakuna bodi ya kununua, na hicho ndicho kinachowavuta watu. Kilinivuta na mimi.

Kuunga wachezaji wawili kunawezekana, swichi kumi na mbili kila mmoja, nne za jostiki zikiwemo, lakini unamaliza karibu pini zote. Hapo linakuja jambo ambalo wengi hawalijui mapema: pini ya GPIO 18 (GPIO ni jina la pini za kupokea na kutuma ishara), ambayo taa za rangi huitumia sana, itakuwa imeshachukuliwa na batani. Na GPIO 3, ambayo ni rahisi kuipangia kazi ya kuzima na kuwasha Pi kwa utaratibu, nayo unaweza kuikuta imeshikwa.

Kwa kuitikia, USB haipo katikati, lakini programu nyingi za kusoma pini huzikagua kwa zamu, kwa hiyo faida ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Halafu zina umri. Kwenye Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023, pini zinaendeshwa na chipu ya pembeni iitwayo RP1, na programu za zamani zilizoandikwa kugusa pini za Pi za nyuma hazifanyi kazi humo.

Ustahimilivu ndio unaonitia hofu. Pini hizi ni za volti 3.3 na hazivumilii 5. Kwenye lile kabati la Lindi nilipitisha waya wa volti 5 wa taa ndani ya fungu moja na nyaya za batani, wote rangi moja, bila alama. Kijana aliyekuwa akinisaidia alirudisha waya ulioachia, akauchomeka pasipo pake. Pi haikuwaka tena. Kosa halikuwa lake. Fungu lile nililifunga mimi. Ingekuwa bodi ya USB, huenda tungepoteza bodi tu. Hapa ilikuwa kompyuta nzima, na kabati lilikaa kimya wiki mbili.

Pamoja na hayo, njia hii ina heshima yake. Kwa kabati dogo la mezani la mtu mmoja, nyaya kumi fupi, ni safi kuliko zote, na hakuna inayofundisha zaidi. Mwanafunzi wa umeme akiiunga mwenyewe, akaona pini inavyoshuka hadi sifuri kila akibonyeza, ameelewa kitu ambacho bodi ya kuchomeka ingemficha.

Taa

Taa za mkanda za volti 12 ndizo tulizonazo. Nenda duka lolote la vipuri vya bodaboda na bajaji, zipo za kila rangi. Unazikata kwa mkasi kila baada ya taa tatu, penye alama, na kuzibandika nyuma ya kibao cha jina juu ya kabati. Hesabu yake: mkanda wenye taa 60 za aina ya 5050 kwa mita hula takriban wati 14.4 kwa mita, yaani ampea 1.2. Mita mbili ni ampea 2.4, kwa hiyo chukua adapta ya 12V ya ampea 3 na itapumua. Ukitaka kifaa cha kupokea sarafu, vingi navyo ni vya volti 12 na vitakula humo humo. Andika bei ya mchezo pale mbele, watu wasidhani ni mashine ya kulipa ushindi; hizo ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na zina leseni zake. Udhaifu wa mkanda ni kwamba haujui kinachoendelea kwenye gemu. Unawaka, unazimika.

Taa za ndani ya batani ni hadithi nyingine. Zinapendeza usiku, na zinasaidia mtoto kuijua batani. Kila moja hula kama miliampea 20, hivyo batani kumi na sita ni miliampea 320, chaja ya simu ya volti 5 inazimudu. Soma kwanza zimeandikwa volti ngapi: ya 5 ukiipa 12 inaungua, ya 12 ukiipa 5 inafifia au haiwaki kabisa. Na zina chanya na hasi. Isipowaka, igeuze kabla hujailaumu. Kwa matengenezo zinaongeza nyaya mbili kwa kila batani, yaani fungu lako linakuwa maradufu. Tumia rangi nyingine kabisa kwa nyaya za taa. Lile la Lindi linanitosha.

Taa za rangi zinazoamrishwa moja moja, WS2812B, ndizo zinazoweza kufuata mchezo: nyekundu ukipigwa, kijani ukishinda. Pico yenye GP2040-CE inaziendesha yenyewe, ila kwa kufuata batani unazobonyeza, siyo matokeo ya gemu. Kila moja ikiwaka nyeupe kamili inaweza kufika miliampea 60. Taa 60 ni ampea 3.6, kwa hiyo zipe adapta yake ya volti 5, usizinyonyeshe kwenye Pi, na hasi ya adapta hiyo iungane na hasi ya Pico. Mbele ya waya wa taarifa weka rezista ya omu 330 hadi 470. Moja ikifa katikati, zote zinazoifuata zinanyamaza, na kuipata nyingine ni kusubiri basi.

Kuhusu umeme wa ukutani sina ulinganisho, nina sharti. Volti 230 zikae kwenye boksi lililofungwa, kona yake, mbali na batani ambazo watoto wanashika kwa mikono yenye jasho. Fremu ya chuma ikiwepo, waya wa ethi uifikie. Skrini, Pi na taa kwa pamoja mara nyingi hazifiki wati 100, chini ya nusu ampea, kwa hiyo ndani ya plagi toa fyuzi ya ampea 13 uweke ya 3. Kama hujawahi kugusa upande huo, mwite fundi umeme kwa saa moja.

Kwa hali yako

Kabati la biashara kibarazani Tandahimba au Newala, ukitegemea msimu wa korosho uanze Oktoba na fedha zizunguke, wewe mwenyewe ukiwa huji kila siku: bodi ya kuchomeka na taa za mkanda wa volti 12, na bodi ya akiba mlangoni. Mfundishe mtu mmoja pale pale kufungua na kusafisha vibano.

Nyumbani Shangani, marafiki wanaoshindana gemu za kupigana, na kuna mwenye kompyuta: Pico kwa kila mchezaji, ubao wa skrubu, ramani ya pini mlangoni. Taa za batani zinafaa. Za rangi ongeza baadaye, batani zikishatulia.

Kabati la mezani, mtu mmoja, unataka kujifunza: pini za Raspberry Pi, ila toleo la 4 au la nyuma kama unatumia programu za zamani, na taa zisikaribie kabisa fungu la batani.

Kijijini kwenye sola: mkanda wa volti 12 unakaa moja kwa moja kwenye mfumo, lakini betri ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na taa zinachemka. Weka kirekebishi cha volti kwa taa, na kingine cha kushusha hadi 5 kwa Pi. Pi 4 inataka ampea 3.

Na popote umeme unapokatika mara kwa mara, au LUKU inapoishia katikati ya mchezo, kadi ya kumbukumbu ya Pi inaweza kuharibika. Njia ya kwanza na ya pili zinakuachia GPIO 3 iwe huru kwa batani ya kuzima kwa utaratibu. Ifunge pembeni, ndani kidogo, kidole cha mchezaji kisiifikie. Na kadi ya pili iliyonakiliwa tayari iweke kwenye bahasha, karibu na ile bodi ya akiba.